Mdhamini Wake Nilikuwa Mimi

Mimi nina mdomo. Nimezaliwa nao, na tangu utotoni sijaona wa kuufunga. Kwetu, upande wa Masasi, shangazi zangu walikuwa wakisema huyu mtoto akikosa kazi tutamkodisha kwa watu wenye ugomvi. Kazi niliyoipata ukubwani ikawa ya mdomo kweli: kufundisha stadi za maisha na maandalizi ya kazi kwenye ukumbi mdogo ulio nyuma ya ofisi ya mtaa, Ufukoni, Mtwara mjini. Mradi unaleta viti vya plastiki, vitini na chai. Mimi naleta maneno.

Tunafundisha vitu ambavyo msomi akivisikia anacheka. Kupiga pasi shati bila kuacha mkunjo begani. Kuandika barua ya maombi ya kazi na wasifu wa ukurasa mmoja. Kufika kabla ya saa, kuzima simu, kusaini mahali pa kusaini, kukaa mbele ya msaili bila kujikuna. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima. Wamelima mpunga na kuokota korosho miaka yote, wamezaa, wamezika, halafu nawasimamisha mmoja mmoja mbele ya wenzao niwaelekeze jinsi ya kuingia mlangoni. Kazi hiyo ina udhalilishaji ndani yake, naujua. Na sitakudanganya, sehemu hiyo ndiyo niliyokuwa naipenda.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na wanafunzi kumi na wanane. Mmoja alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, Mmakonde kutoka kitongoji cha ndanindani huko, ukishapita Mahurunga unaelekea mto Ruvuma. Siku ya kwanza alisimama kujitambulisha, akasema amefurahi kufika Ntwala na anaomba tunkalibishe vizuri. Kimakonde hakina r, na mama huyu hakuona sababu ya kuitafuta. Nikamwambia palepale, mbele ya watu, "Mama, ulimi umeusahau kwenye mtego wa panya?"

Hakununa. Alinitazama, akauliza, "Kwani madam we kabila gani?"

"Myao."

Akapiga kofi moja kubwa. "Aa, Nnyao! Nilijua tu. Hawa ndiyo waliomuuza bibi yangu kwa shanga mbili, na mpaka leo wanapenda kuongea."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana ndiyo sheria. Kwa asiyejua: Wayao na Wamakonde ni watani, tangu enzi babu zetu Wayao walipokuwa wakiuza watumwa. Mtani anakutukana na wewe unacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akafunua sufuria bila hodi, anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, na mwenye kosa ni yule atakayekasirika. Halafu siku ya msiba, ndugu wamekaa chini wanalia, mtani ndiye anayebeba kazi, anachimba, anapika, anawachekesha wafiwa mpaka wapate kumeza tonge. Hakuna anayejiandikisha kwenye utani. Unaukuta, kama ulivyolikuta kabila lako.

Basi kuanzia siku hiyo darasa lilikuwa letu wawili. Asubuhi alikuwa akinikuta nimekaa, ananiinua kitini kwa kusema Myao hakai mbele ya mali yake. Alikuwa ananiletea ming'oko ya kuchemsha kwenye mfuko wa rambo, ile mizizi ya porini tunayoipenda huku kusini, na akinipa anasema nile polepole nisije nikaiuza. Mimi nilimwita mla panya, maana Wamakonde wanasifika kwa kumla. Nilimwiga matamshi yake ubaoni. Nilikuwa namtuma asome kwa sauti maneno niliyoyachagua makusudi, karani, rambirambi, ratiba, nasikiliza darasa likifa kwa kicheko, naye akimaliza anarudi kukaa akicheka zaidi ya wote.

Lakini utani una adabu yake, na mimi niliivuka. Mumewe alivuka mto kwenda Msumbiji kutafuta maisha na hakurudi. Darasa zima lilijua, kwa sababu alilisimulia mwenyewe siku tuliyofundisha kupanga bajeti ya nyumbani. Wiki iliyofuata alichelewa dakika tano, nikamwambia, "Sasa namuelewa mumeo. Alifika mtoni, akaona kiboko, akasema heri huyu ana sura." Wenzake wengine hawakucheka. Yeye alicheka. Alicheka kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kufanya jambo lingine, na mimi nilijua hana.

Alichokuwa anakitafuta kwetu alikisema siku ya kwanza na hakukibadilisha. Alitaka kazi yenye chumba. Binti yake alikuwa amemaliza darasa la saba hapo mjini, na alikuwa anasubiri kuingia kidato cha kwanza, shule ya kutwa, Januari. Wote wawili walikuwa wanakaa kwa dada yake huyo mama, nyumba ya kupanga, na dada alikuwa anahamia Newala mwisho wa mwaka. Kupata chumba hapa mjini kulikuwa ndiyo shule ya mtoto. Kukikosa kulikuwa kurudi kitongojini, ambako shule ya sekondari ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na njia yenyewe inapita bondeni, masika ikija inakuwa maji matupu. Alilieleza jambo hilo bila kulia, na nililiandika kwenye fomu yake kwa mwandiko wangu mzuri.

Mwezi wa kumi na moja kazi ikatokea. Matroni wa bweni moja la wasichana, bweni la mtu binafsi, alibandika tangazo kwenye ofisi ya mtaa: anatafutwa mpishi msaidizi, mwanamke, awe tayari kuishi hapohapo. Chumba kilikuwa nyuma ya jiko. Matroni mwenyewe alikuwa mtu wa kaskazini, mgeni kwetu, ana miezi miwili tu tangu aletwe. Mtani wangu alilisoma lile tangazo mara tatu, halafu akaja kwangu amelinakili kwenye kiganja.

Tukajaza fomu ya maombi kwa pamoja, darasa zima likifuatilia ubaoni kama zoezi. Tulipofika sehemu ya mdhamini nikaeleza: mdhamini ni mtu anayekufahamu, asiye ndugu yako, ambaye mwajiri akimpigia simu atakusemea. Aliandika jina langu na namba yangu. Chini yake fomu iliuliza uhusiano wako na mdhamini. Akaandika kwa herufi kubwa: NTANI WANGU.

Nilinyanyua ile karatasi juu nikaisoma kwa sauti. Nilicheka mpaka nikashika meza. "Jamani, njooni muone! Mtu anaomba kazi, anamwambia mwajiri muulize mtani wangu!"

"Sasa madam, kosa lipo wapi?" aliuliza. "Si umesema ntu anayenijua na si ndugu? Ndugu yangu atanisifia tu. Ntani ndiye anayenijua."

"Andika mkufunzi."

"Lakini we ni ntani wangu kweli."

"Huko mjini hakuna cha mtani. Hiyo ni lugha ya vilabuni. Andika mkufunzi."

Nikampa fomu nyingine safi. Akaandika mkufunzi. Ile ya kwanza niliibandika ukutani kwa gundi, na chini yake nikaandika MFANO WA KOSA. Ilikaa pale wiki nzima.

Alhamisi alikwenda kwenye usaili. Alipewa jiko, akapika maharage na wali wa watu arobaini, akaosha masufuria, akaonyeshwa hadi chumba. Alirudi kwetu jioni ile bado akinuka moshi. Matroni alimwambia amependa kazi yake, amebakiza kumpigia mdhamini tu, na Jumatatu atamjulisha. "Kina dilisha," aliniambia, "chumba chenyewe kina dilisha, madam, la kioo." Alisema "dilisha", na kwa mara ya kwanza sikumwiga.

Kesho yake, Ijumaa, alikuja mkubwa wa mradi kutoka Dar es Salaam kutukagua. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa gauni langu la kitenge la heshima, nikachagua kufundisha mada ya tano, ninayoiweza kuliko zote. Kitini chenyewe nilikitafsiri mimi kutoka Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa, na nilikuwa najivunia kile Kiswahili. Mada ya tano niliipa kichwa kinachosema: Jinsi ya Kujiuza kwa Mwajiri.

Ndiyo. Kujiuza. Nililiandika hilo neno kwa kalamu yangu, nikalisahihisha, nikalipiga chapa nakala mia, na sikulisikia. Nilikuwa nasoma Kiingereza kwa macho na Kiswahili kikawa kinatoka mkononi. Wanafunzi wangu wa awamu mbili za nyuma walilisoma wakanyamaza, sijui kwa heshima au kwa kunihurumia.

Nilimnyanyua mtani wangu asome kichwa cha mada kwa sauti. Kwa nini yeye? Nilitaka mkubwa amsikie anavyotamka, halafu anisikie mimi ninavyomrekebisha. Alisoma polepole, akafika mwisho, akabaki amesimama. Akasema, "Madam, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Babu zako walituuza kwa shanga. Sasa na wewe umekuja kutufundisha tujiuze wenyewe, ili nyie Wayao mpumzike?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile ukumbini kwetu. Wanawake walipigana vikumbo. Mkubwa wa mradi alivua miwani akafuta machozi. Ulikuwa utani safi, mtamu, wa daraja la juu, na sheria ilinitaka nicheke. Nilifungua mdomo nikatoa sauti. Ndani nilikuwa naungua. Mtu niliyemfundisha kutamka barua ameninyoosha kwa Kiswahili, mbele ya bosi wangu, na alikuwa na haki kabisa. Baada ya kipindi mkubwa alinivuta pembeni akasema kwa upole ule ukurasa ubadilishwe, kisha akauliza ni nani aliyetafsiri. Nikamjibu nitafuatilia.

Alipoondoka nilikwenda kwa mama lishe wa jirani. Nilikuwa nimeagiza ugali wa muhogo na mchuzi wa pweza, na sikuwa hata na hamu. Simu ikaita. Namba ngeni. Sauti ya mwanamke, ya taratibu, imenyooka.

"Samahani kwa usumbufu, dada. Mimi ni matroni wa bweni. Kuna mama mmoja amekuandika wewe mdhamini, ameomba kazi ya jikoni. Nimempenda. Nilitaka tu kusikia kwako, ni mtu wa namna gani?"

Nimeirudia sekunde ile mara nyingi, na sitaki kujifanya kwamba ulimi uliteleza. Nilijua nazungumza na nani. Nilijua kwamba huyu si wa huku. Lakini kile kicheko kilikuwa bado kiko masikioni, na jibu la kumrudishia mtani wangu, nililolitafuta asubuhi nzima nikalikosa, ndiyo kwanza likaja.

"Yule?" nikasema. "Yule ukimchukua, funga kabati na funguo ulale nazo. Ana mkono mrefu kuliko mto Ruvuma. Sukari yako hutaiona, mafuta hutayaona. Ila nakuhakikishia jambo moja, panya wote hapo bwenini atawamaliza. Kwao ndiyo kitoweo."

Nikacheka. Mama lishe naye akacheka, maana alikuwa ananisikia na yeye ni wa hukuhuku.

"Kwa hiyo ana udokozi?" matroni aliuliza.

Hapo ndipo palipokuwa pangu. Neno moja tu lilitosha: natania, dada, sisi ni watani, mchukue, hutajuta. Nilikuwa na muda, nilikuwa na salio, nilikuwa na akili zangu. Nikasema, "We dada mgeni, hawa watu utawazoea tu."

"Basi nashukuru kwa kuniambia ukweli," akasema. "Wengi huwa wanaficha." Akakata.

Nilikaa na ile simu mkononi. Nilisikia utamu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliona kama nimemweka mahali pake, nikavuta sahani, nikala ugali wote na mchuzi nikaufuta kwa kidole. Nikajiambia nitampigia matroni kesho. Kesho ilikuwa Jumamosi. Jumapili nikasema siku ya ibada, si vizuri kumsumbua. Jumatatu saa nne mtani wangu akaja ukumbini akasema ameambiwa nafasi imejaa.

Alikuwa ametulia. Alikaa kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya mapaja, akaniomba nimwambie alikosea wapi, ili asirudie kwingine. "We ndiye mwalimu," alisema. "Nieleze tu. Usinifiche."

Tuna somo linaloitwa mrejesho. Unaanza na zuri, unaingiza baya katikati, unamalizia na zuri. Nikampa kwa utaratibu huohuo. Nikamwambia ni mchapakazi, kila mtu analiona hilo. Ila waajiri wa siku hizi, hasa watu wa kuja, wanaangalia sana lugha, na ile r yake inamwangusha. Akiirekebisha atafika mbali. Aliitikia kwa kichwa kila neno. Akaomba nimwandikie orodha ya maneno ya kufanyia mazoezi, nikamwandikia.

Wiki mbili zilizobaki za mafunzo alikuwa anafika mapema kuliko mfagiaji. Alikaa kwenye ngazi za nyuma na ile orodha, anajilazimisha. Barrua. Karrani. Karribu. Ulimi haukumtii; alikuwa anauma meno, anatema mate, anaanza tena. Nilikuwa namsikia dirishani nikipanga viti. Siku moja akapata, akatoa "rafiki" nzima, safi, akageuka kuona kama kuna mtu amesikia. Nilitoa kichwa nje nikamwambia, "Bado kidogo. Rudia." Akarudia.

Desemba dada yake akahama. Sikujua walilala wapi baada ya hapo, na sikuuliza.

Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, nilikuwa uani kwangu asubuhi nakuna nazi. Akaingia bila hodi, kama mtani, lakini hakufunua sufuria. Akavuta kigoda akakaa mkabala na mimi. Alikuwa ametoka bwenini. Alikwenda mwenyewe, bila kuitwa, kumwonyesha matroni kwamba sasa anaweza kusema karibu na barua. Matroni, ambaye hana tabia ya kuzungukazunguka, alimwambia lugha haikuwa shida. Alimwambia mdhamini wake mwenyewe amemtaja kuwa mdokozi.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," alisema. "Ulikuwa unanitania?"

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Nikisema ndiyo, mila inanilinda, na yeye inambidi acheke. Nikisema hapana, nimemchafulia mtu jina kwa makusudi. Alijua hilo vizuri kuliko mimi, na bado aliuliza.

"Sasa mtani," nikasema, "wewe hujui utani?"

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kutimiza wajibu, na macho hayakushiriki. Halafu akasimama, akajikung'uta. "Haya. Basi twende ukamwambie."

Tulipanda bodaboda moja, mshikaki, yeye katikati na mimi nyuma. Njia nzima nilikuwa nashika mabega yake ili nisianguke. Bwenini tulimkuta matroni anahesabu magodoro ya wanafunzi wapya. Mwanamke mwingine alikuwa anatoka jikoni na beseni la maji machafu, amevaa aproni mpya, na nyuma yake nililiona dirisha la kioo lenye pazia.

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili changu chote, habari ya Wayao na Wamakonde, ya watani, ya misiba, kwamba kwetu kumwita mtu mwizi inaweza kuwa ni kumpenda. Mtani wangu alisimama pembeni ameshika pochi kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha. Matroni alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Dada, mimi nikuamini lini? Siku ile au leo?"

"Leo."

"Kwa hiyo siku ile nilikupigia kuulizia kazi ya mtu, mama mwenye mtoto, ukaona pazuri pa kutania. Na nilipokata simu ulikumbuka?"

Niliangalia magodoro.

"Miezi miwili," alisema. "Namba yangu ulikuwa nayo." Akamgeukia mwenzangu, sauti ikawa nyingine. "Mama, nisamehe. Ningejua ningekuchukua. Sasa siwezi kumtoa huyu, naye ana watoto." Akarudi kwenye magodoro yake.

Tulitoka hadi barabarani. Nilikuwa nasubiri anitukane, na Mungu ananiona, nilikuwa naliomba hilo tusi. Aniite muuza watu, aniite chochote, nicheke, yaishe, turudi tulivyokuwa. Alitengeneza kanga yake. Akasema, "Ahsante kwa kunisindikiza, madam," akavuka barabara kwenda upande wake.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, sokoni, mwezi wa tatu, amekuja kuuza mihogo. Tunalingana umri, pengine mimi nimemzidi mwaka. Nilipomkaribia, na neno langu la utani nimeshalitayarisha, aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, madam." Watu walikuwa wanatuangalia. Nikaitikia marahaba, kwa sababu shikamoo haina jibu lingine, nikanunua fungu la mihogo nisilolihitaji.

Mwaka uliofuata mradi ulipata awamu mpya. Safari hii walituelekeza tuchukue vijana, kuanzia miaka kumi na mitano, walio nje ya shule. Siku ya kuandikisha nilikaa na fomu kwenye meza ya mbele, wakapita mmoja mmoja. Akafika msichana mwembamba, nywele fupi za kishule zimeanza kukua ovyo. Nikamuuliza anatoka wapi. Akataja kile kitongoji cha kule mbele ya Mahurunga. Nikamtazama vizuri usoni, nikaona taya la mama yake.

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani ametumwa. Nikamwambia kwa sauti ya kuchangamka, "Kumbe mla panya mdogo! Karibu, mtani. Mama yako hajambo?"

"Hajambo," alisema. Alikuwa amesimama wima, anaongea Kiswahili cha shule, hakuna herufi iliyomshinda. "Mama kasema na wewe hatuna utani."

Wenzake waliokuwa kwenye foleni waligeuka kunitazama. Sijawahi kusikia mtu akisema hivyo, wala sijui kama linawezekana. Niliinama kwenye fomu, nikajaza jina, nikajaza umri, nikajaza kijiji. Safu iliyofuata inasema: sababu ya kuacha shule. Mwandikishaji anatakiwa aulize na aandike maneno ya mwanafunzi kama alivyoyasema, hilo nimelifundisha mwenyewe kwa wasaidizi wangu. Nikamuuliza.

"Sikuwa na pa kukaa mjini," alijibu. "Kule nyumbani nilikuwa naenda kwa miguu. Masika maji yakajaa, nikaacha."

Akasubiri niandike. Alipoona siandiki, aliinama juu ya meza akaanza kunirudia taratibu, neno moja moja, akidhani sikusikia.